Meno ya Mbwa si Chuma

Mfupa uliomshinda fisi, mbwa atauweza? Methali hii tunawarushia watu wanaojitwika makubwa, halafu jioni hiyohiyo tunakusanya mifupa ya mbuzi choma mezani, tunaifunga kwenye gazeti na kumpelekea mbwa nyumbani. Thubutu kuuliza. Utaambiwa meno ya mbwa ni chuma, na mfupa ndio mchezo alioumbiwa.

Nami niliamini hivyo, mpaka mbwa wetu, Simba, alipovimba chini ya jicho. Nikadhani kaumwa na nyuki. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo nikitaka dawa ya macho. Daktari jicho hakulishughulikia. Aliinua mdomo wa juu akanionyesha gego lililobanduka ubavuni kama kigae, usaha umepanda hadi shavuni.

“Unampa mifupa?”

Nikakohoa.

Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya yetu, lakini ganda gumu linaloyafunika ni jembamba kuliko letu. Gego lile la juu hupishana na mwenzake wa chini kama mkasi. Mkasi ukiulazimisha kukata msumari, hauharibiki msumari. Na moto unaongeza balaa: mfupa ukipikwa hukauka, ukivunjika hutoa vipande vyenye ncha vinavyoweza kukwama kooni au kutoboa utumbo.

Najua jibu: mbwa wa babu alitafuna mifupa akazeeka. Sawa, na waliokufa? Mtaani mbwa akifa ghafla hukumu ni moja tu, kalishwa sumu na wezi. Hakuna anayempasua kuangalia tumboni. Anafukiwa nyuma ya migomba, mfupa unaachiwa huru bila hata kuhojiwa.

Wengine humtupia mbwa ndala iliyochakaa, kisha humchapa akitafuna viatu vya kanisani. Atajuaje kwamba kile ni cha kucheza na hiki ni cha Jumapili? Mpira wa tenisi nao, kwa mbwa mkubwa, unaweza kuteleza nyuma ya meno ukaziba koo. Manyoya ya mpira huo yakishika mchanga husugua meno kama msasa.

Atafune nini, basi? Huko Colorado, Marekani, miaka ya 1970, Joe Markham alikuwa na mbwa aitwaye Fritz, aliyejiharibu meno kwa kutafuna mawe. Siku moja, akitengeneza gari lake la Volkswagen, alimtupia kipande cha mpira kilichotoka kwenye gari. Fritz akayasahau mawe, na kifaa cha mpira kiitwacho Kong kikazaliwa hapo. Si lazima ununue hicho. Chagua kitu kisichoweza kumezwa, kisha kibonyeze kwa ukucha wa dole gumba, kisipobonyea, kirudishe.

Simba sasa ana mpira mgumu kiasi, wenye tundu. Naushindilia ugali na dagaa (bila kitunguu, ni sumu kwake) na kuuweka juu ya kabati. Hashushiwi mpaka akae, na nikisema “achia” aachie. Kwa mfupa hakuwahi kuachia. Alikuwa akiningurumia mimi niliyeuleta.

Mchoma nyama bado ananifungia furushi. “Ya Simba hiyo, mzee.” Napokea, maana nimeshindwa kumweleza mbele ya wateja. Nikifika nyumbani nalifukia chini ya mpapai, Simba akiwa amefungiwa bandani, pua imebanwa kwenye wavu.