Jengo la kijani? Watuonyeshe karatasi ya pili

Wandugu, siku hizi wakubwa wanapenda sana neno «jengo la kijani». Sasa hiyo kijani inapimwa namna gani?

Tuchukue EDGE, mfumo wa IFC, wa kundi la Benki ya Dunia. Jengo linalinganishwa na jengo la kawaida la fasi ile ile. Linapaswa kupunguza angalau asilimia 20 ya umeme, ya maji, na ya kaboni inayotokana na kutengeneza simenti, matofali, manjanja. (Kama jirani anabeba bidoni toka ziwa Kivu, hilo haliulizwi.)

Karatasi ya kwanza inatolewa juu ya plani tu. Ya pili inakuja kazi ikiisha, mkaguzi akishaangalia jengo lenyewe. Na kwetu tunajua vile simenti inapungua kati ya plani na ukuta!

Kwa hiyo, anayesema «kijani» siku ya kukata utepe, atuonyeshe ya pili. Na plani za shule na ofisi zinazojengwa na makuta ya raia zitoke hadharani mbele ya kusaini. Programu ya EDGE iko bure ku intaneti. Sisi wenye diploma bila kazi tutazipima wenyewe.