Semina ya Mauzo Ifike Tengeru
Arusha haikosi mafunzo ya biashara. Njiro pekee kuna ESAMI, inayowanoa mameneja wa Afrika Mashariki na Kusini, na Chuo cha Uhasibu. Mjini zipo kumbi za mikutano za AICC. SIDO nayo, iliyoanzishwa 1973, inahudumia viwanda vidogo. Kinachoniuma ni ratiba: semina ninazoziona huanza asubuhi, siku ya kazi, wakala wa utalii akiwa na wageni na muuza parachichi wa Tengeru akiwa sokoni. Zaidi ya ratiba, anayetafuta semina amuulize kwanza mkufunzi amewahi kuuza nini, na kwa nani. Cheti hakijibu swali hilo. Nanyi waandaaji, jaribuni jioni, Usa River au Sakina, na somo la kwanza liwe kupanga bei.