Usimwonyeshe Muuzaji Kina cha Mfuko Wako

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba za kununua huku Marekani, kuanzia Dallas na Columbus hadi Minneapolis na Portland ya Maine, wengi wenu mmejibana kwa miaka. Mmefanya zamu za usiku, mmelipa madeni, na mmechoka kuona kodi ya pango ikipanda kila mkataba unapofanywa upya. Nawapongeza kwa kuthubutu. Nina ombi moja kwenu, nalo linahusu ile barua ya benki inayosema mmeidhinishwa kukopa.

Barua hiyo hutolewa baada ya mkopeshaji kupekua hati za mshahara, marejesho ya kodi, taarifa za akaunti na ripoti yenu ya krediti. Mara nyingi inadumu siku 60 hadi 90. Haijawa ahadi ya mwisho, kwani nyumba yenyewe bado itafanyiwa tathmini, na mkopeshaji atachungulia krediti yenu tena kabla hamjakabidhiwa funguo (mwenye hamu ya kuchukua gari kwa mkopo wakati huo avute subira). Hata hivyo, bila barua hiyo wauzaji wengi hawaisomi hata ofa yenu. Wana haki. Anayekubali ofa anaiondoa nyumba yake sokoni kwa mwezi au zaidi, na mkopo ukikwama dakika za mwisho, hasara ni yake. Kwa hiyo siwaambii mkatae kuonyesha barua. Nawaomba muangalie barua gani mnaionyesha, na imeandikwa kiasi gani.

Chukueni mfano wa Jumapili mchana, kwenye nyumba iliyofunguliwa kwa watazamaji. Mezani jikoni kuna sahani ya biskuti, karatasi ya kuandika majina na namba za simu, na mama mchangamfu anayewasifia watoto wenu kwa adabu zao. Anauliza kama mtu anayepiga soga tu: "Benki imeshawaidhinisha? Hongereni sana! Wamewapa mpaka ngapi?" Baba, kwa fahari aliyoitolea jasho, anajibu: dola laki nne na elfu ishirini na tano. Nyumba yenyewe inauzwa 375,000.

Mama yule si mtu mbaya. Ni wakala wa muuzaji, amesaini kumtumikia muuzaji, na katika majimbo mengi anawajibika kumfikishia mteja wake lolote litakalomsaidia kupata bei nzuri. Jumanne mkileta ofa ya 350,000, muuzaji anajua tayari kwamba mna nafasi ya kupanda. Pengine angeridhika na 357,000. Sasa anakaza kamba kwenye 372,000, na anangoja. Tofauti ya dola 15,000 ikiingia kwenye mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5, ni karibu dola 95 kila mwezi, na hadi mkopo uishe mtakuwa mmelipa zaidi ya dola 34,000. Yote hayo kwa swali lililojibiwa huku mtu anatafuna biskuti.

Dawa yake haina gharama. Kila mnapotoa ofa, mwombeni afisa mikopo awaandikie barua inayolingana na ofa hiyo. Mkitoa 350,000, barua iseme mnaweza kununua kwa 350,000. Mkipandisha hadi 355,000, aandike nyingine. Ni kazi ya kawaida kwake, na wengi huimaliza siku hiyo hiyo. Barua itaje majina yenu, aina ya mkopo, bei, na kwamba hati zenu zimekaguliwa; wakala wa muuzaji hahitaji zaidi ya hapo. Na kwa kuwa mara nyingi wakala huyo humpigia simu afisa mikopo kuhakikisha, mwelezeni afisa wenu mapema, tena kwa maandishi, kwamba athibitishe yaliyomo kwenye barua na asitaje kiwango chenu cha juu.

Mkiulizwa ana kwa ana, msidanganye. Semeni: "Tumeidhinishwa, na barua itakuja pamoja na ofa." Sentensi hiyo ni ya kweli, ina heshima, na anayefanya kazi ya uwakala ameshaisikia mara nyingi.

Najua kuna atakayenijibu kwa msemo wetu kwamba mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini mkunga tunamchagua. Kwa afisa mikopo fungueni kila kitu. Kumdanganya kwenye maombi ya mkopo ni kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho. Wakala wenu wa ununuzi naye mwelezeni hali yenu, mradi ni wenu kweli. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, mawakala wengi nchini wanatakiwa kusaini mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza kwenye nyumba. Kama hamjasaini na mtu, basi huenda hamna mtu. Ile namba ya simu iliyo kwenye bango nje ya nyumba, mkiipiga, kwa kawaida inapokelewa na wakala wa muuzaji.

Hapa kuna jambo linaloigusa jamii yetu zaidi ya wengine. Mkopeshaji husoma taarifa za akaunti, kwa kawaida za miezi miwili ya mwisho, na kila pesa kubwa iliyoingia ataiulizia ilikotoka. Kwetu mara nyingi imetoka kwenye upatu: watu kumi wanachanga kila mwezi, na mwezi huu zamu ni ya mama Asha. Au ni zawadi ya mjomba, ambayo itahitaji barua ya kueleza kwamba si deni. Taarifa hizo hizo zinaonyesha mnachotuma kila mwisho wa mwezi Mombasa, Bukavu au kwa bibi aliyebaki kambini Nyarugusu. Mkopeshaji ana sababu ya kuyajua haya. Wakala wa muuzaji hana. Lakini wapo wanunuzi wanaoombwa "karatasi za mkopo" nao, kwa unyenyekevu tuliolelewa nao, wakatuma bahasha nzima kwa barua pepe: mishahara, namba ya Hifadhi ya Jamii, vibali vya ukaazi, na mengine yote. Wakala huyo akitaka uthibitisho kwamba pesa ya kianzio ipo, ukurasa mmoja wenye jina na salio la kutosha kianzio na gharama za kufunga mauzo unatosha, namba ya akaunti ikiwa imefunikwa isipokuwa tarakimu nne za mwisho.

Aina ya mkopo haifichiki, kwa sababu imo kwenye ofa yenyewe. Wenye mkopo wa FHA, yaani unaowekewa bima na serikali ya shirikisho, ambao kianzio chake kinaweza kuwa asilimia 3.5 tu kwa mwenye alama za krediti kuanzia 580, wajue kwamba baadhi ya wauzaji husita kuukubali, kwani mthamini wake huangalia pia hali ya nyumba, hata rangi inayobanduka kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978. Mwacheni wakala wenu alisemee hilo.

Wanaovutiwa na nyumba mpya wawe macho zaidi. Yule kijana anayewapokea kwenye nyumba ya mfano ameajiriwa na mjenzi, na mara nyingi mjenzi ana kampuni yake ya mikopo, inayoahidi kuwapunguzia gharama za kufunga mauzo. Huenda ni ofa nzuri kweli. Ila mkijaza fomu zake zote siku ya kwanza, anayewauzia na anayewakopesha wanakula sahani moja. Kubalianeni bei kwanza. Kisha ombeni makadirio ya mkopo kwa kampuni hiyo ya mjenzi na kwa mkopeshaji mwingine. Sheria inamtaka kila mmoja awape makadirio hayo ndani ya siku tatu za kazi tangu apokee maombi yenu. Msiogope kwamba krediti itaumia: mkikaguliwa na wakopeshaji kadhaa wa nyumba ndani ya siku 45, kwenye alama zenu huhesabiwa kama mara moja.

Na ninyi vijana mnaowatafsiria wazazi, nawaheshimu kwa mzigo mliobeba tangu shule ya msingi. Swali la "mpaka ngapi" litaelekezwa kwenu, kwa sababu Kiingereza chenu kimenyooka. Kaeni na baba na mama jioni moja kabla ya kwenda kutazama nyumba, mkubaliane kitakachosemwa na kitakachobaki nyumbani.

Ombi langu la mwisho ni kwa mliokwisha kununua. Baada ya sala ya Ijumaa, baada ya ibada ya Jumapili, kwenye vikao vya upatu, waiteni wanaotafuta. Leteni barua zenu za zamani, wazione zinavyofanana na walichonacho mkononi. Anayehitaji ushauri usio na upande apige 800-569-4287, namba ya kutafuta washauri wa nyumba walioidhinishwa na wizara ya makazi, HUD. Ushauri wao ni wa bure au wa ada ndogo. Ulizeni kama wana mkalimani wa Kiswahili, na kama hawana, mmoja wenu mwenye nyumba tayari ajitolee kukaa pembeni na kutafsiri.