Mezani Alikuwepo Nani?

Wanachuo wenzangu, muhula huu kwenye semina ya uhusiano wa kimataifa nilipangiwa kuwasilisha mada kuhusu balozi mmoja wa Uholanzi, Herman van Roijen. Kusema kweli nilinuna. Wenzangu wanapewa Nyerere na Nkrumah, mimi napewa mtoto wa kishua wa Ulaya! Alizaliwa Istanbul mwaka 1905, baba mwanadiplomasia, mama Mmarekani wa ukoo mkubwa, na mke akampata kwenye familia ya kikabaila. Nikasema hapa sina cha kujifunza.

Nilikosea. Wajerumani walipoikalia nchi yake, huyu wa kishua aliwekwa ndani zaidi ya mara moja, na mwaka 1944 akatorokea London. Lakini kazi iliyompa jina ni Indonesia. Desemba 1948 jeshi la Uholanzi liliteka Yogyakarta na kuwakamata Sukarno na Hatta. Van Roijen ndiye aliyesimama mbele ya Baraza la Usalama kuitetea serikali yake. Hata hivyo hakudanganyika na hotuba zake mwenyewe. Aliona kwamba vita vya msituni haviishi na Marekani imechoka. Tarehe 7 Mei 1949, mjini Batavia, alifikia makubaliano na Mohamad Roem: mapigano yasimame, viongozi warudi Yogyakarta, mazungumzo yafuate The Hague. Louis Beel, mwakilishi mkuu wa Uholanzi kule, alijiuzulu kwa kuyapinga. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo Indonesia ikakabidhiwa mamlaka yake.

Kumwambia bosi wako “hapa tumeshindwa” si jambo dogo. Kwa hilo namvulia kofia.

Ila stori haiishii hapo. Guinea Mpya ya Magharibi iliachwa kiporo, na mwaka 1962, akiwa balozi Washington, van Roijen alikaa tena mezani. Safari hii alikutana na Adam Malik, huku Mmarekani Ellsworth Bunker akisuluhisha. Mkataba ulisainiwa New York tarehe 15 Agosti: Umoja wa Mataifa ushike nchi kwa muda, kisha Indonesia ipokee, na wenyeji waulizwe kabla ya mwaka 1969 kwisha. Waliosaini walikuwa Uholanzi na Indonesia. Wapapua wenyewe hawakuwa na kalamu. Walipokuja “kuulizwa” mwaka 1969, waliulizwa watu elfu moja na ushee waliochaguliwa, katika nchi ya watu laki kadhaa, na wote wakasema ndiyo. Ghana ilijaribu kuwaombea nafasi nyingine kwenye Baraza Kuu, ikashindwa.

Mtaniambia: angefanyaje? Vita vilikuwa mlangoni, na Kennedy alitaka yaishe. Kweli. Lakini linganisheni meza hizi mbili. Mwaka 1949 mwenye nchi alikaa upande wa pili, akabana, akapata. Mwaka 1962 mwenye nchi alijadiliwa kama shamba la urithi. Balozi ni yuleyule, akili ileile. Kilichobadilika ni nani alikuwepo.

Nalisema hili nikijua nami nina deni. Mwaka wa kwanza nilikuwa CR. Mwalimu akaomba testi ihamie Jumamosi, nikajibu papo hapo, “Darasa halina shida.” Darasani tulikuwa na Wasabato watatu. Sikuwa na chuki nao hata kidogo, sikuwauliza tu. Mmoja alinifuata jioni akaniuliza kwa upole, “Hilo darasa ulilolisemea, sisi hatumo?” Mpaka leo sijapata jibu.

Kampeni za serikali ya wanafunzi zinakaribia. Tutapakwa asali na wagombea wenye Kiswahili kitamu na uzoefu wa vikao. Msiwaulize wanajua kuongea kiasi gani. Waulizeni: kabla hujasaini kwa jina letu, utamuuliza nani?