Mtaka Sauti ya Saba

Wako vijana wengi, toka Mtwapa mpaka Malindi, wanaonunua gitaa kwa fedha za jasho lao, na baada ya miezi miwili hulitundika ukutani. Ukiwauliza sababu, hujibu ya kwamba kodi ni ngumu. Kodi hiyo siyo ile ya Serikali. Ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Na inayowatisha kupita zote ni ile iitwayo maina yenye sauti ya saba. Hasara yake si fedha tu: mpigaji akikata tamaa, arusi za kwetu huachiwa mashine.

Basi na tuitazame. Aliyepata kuimba kwaya huzijua do, re, mi. La, do na mi zikilia pamoja huleta huzuni. Hiyo ndiyo maina. Ongeza so, ambayo ni ya saba ukihesabu toka la, nawe umekwisha kuipata. Tena angalia ajabu yake: do, mi na so peke yao ni kodi ya furaha. Kwa hiyo ndani ya kodi hii huzuni na furaha zimekaa mkeka mmoja, nayo yafaa sana kwa nyimbo za mapenzi na za kuagana.

Kwa vidole ni rahisi zaidi. Hesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba wa chini. Weka kidole cha shahada katika uzi wa pili, nafasi ya kwanza. Cha kati katika uzi wa nne, na cha pete katika uzi wa tatu, vyote viwili nafasi ya pili. Piga toka uzi wa tano. Hiyo ni maina. Sasa inua kile cha pete tu, upige tena. Uzi wa tatu ukiachwa wazi hulia so yenyewe.

Wengine husema elimu hii si ya watu wa kwetu. Marehemu Fundi Konde, aliyefariki mwaka 2000, alikuwa mwana wa pwani hii. Aliwatumbuiza askari katika Vita vya Pili vya Dunia, na gitaa lake likavuma Kenya nzima.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka sauti ya saba sharti ainue, kidole kimoja tu. Haya, lishusheni gitaa ukutani.