JIKONI KWETU: Nyama nusu kilo, watu sita

Leo tunapika nyama ya ng'ombe na viazi, chakula cha siku ya furaha.

Siku moja nilipata ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda gari la kupitia Karuzi mpaka Gitega kumsindikiza mgonjwa. Kwenye mkahawa nikaona bwana mmoja analetewa sahani: kipande cha nyama kikubwa kama kiganja, pamoja na frite. Chakula hiki tulizoezwa na Wabelgiji, waliotawala Kongo mpaka 1960 na Burundi mpaka 1962. Nikasema moyoni, hata sisi Muyinga tutakila.

Basi nikanunua nusu kilo, nikaikaanga nzima kwa moto mkali. Ikatoka ngumu kama ndala! Mzee akapewa kipande kikubwa, kama desturi. Watoto wakapata viazi na mchuzi. Mdogo wao akauliza: "Mama, na yetu iko wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile napika hivi:

Vitu vya kutafuta: nyama isiyo na mifupa nusu kilo, viazi kilo 2, vitunguu 2, nyanya 3, mafuta vijiko 3, chumvi, na jani la mpapai kama liko.

1. Sarara ni laini lakini bei yake iko juu. Nyama ya paja inatosha. Nunua iliyopimwa na daktari wa mifugo, usinunue ya kuchinjwa kichakani hata kama ni rahisi. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilishika ng'ombe hapa Burundi, na ugonjwa huo unaingia kwa mtu pia.

2. Chemsha viazi na maganda yake, funika sufuria ili makala yasiishe bure. Kiazi chenye rangi ya kijani usiwape watoto. Kina sumu, na moto hauitoi.

3. Angalia nyuzi za nyama zinakwenda wapi, kisha kata kwa kuzikatiza, vipande vyembamba kama kidole kidogo. Hapo ndipo ulaini unapotoka. Vigonge kidogo kwa mchi, vifunge ndani ya jani la mpapai saa moja. Usivilaze humo usiku kucha, vitakuwa uji.

4. Weka sufuria juu ya mbabula, mafuta yapate moto kabisa. Kaanga vipande vichache vichache. Ukijaza sufuria, nyama inatoa maji na haikaangiki tena.

5. Vikishabadilika rangi pande zote, vitoe. Kaanga vitunguu mafuta yaleyale, tia nyanya, chumvi na maji kikombe kimoja. Kwangua yale yaliyoshika chini, ndiyo utamu wenyewe. Rudisha nyama, funika, acha moto mdogo dakika 20 au zaidi, mpaka iive kabisa. Wazungu wengine wanaila na damu ndani. Sisi hapana.

6. Menya viazi, kata, changanya na mchuzi. Frite zinakula mafuta mengi, na mafuta ya mgao lazima yafike mwisho wa mwezi.

Sasa kugawa. Tunawaambia watoto "mchuzi una nguvu yote". Kumbe si kweli! Mchuzi una ladha, lakini sehemu kubwa ya kinachojenga mwili na damu inabaki ndani ya nyama. Anayeihitaji zaidi ni mama mwenye mimba na mtoto mdogo. Mtoto akishatimiza miezi 6, mpondee kipande chake mpaka kilainike, changanya na kiazi, pamoja na maziwa ya mama.

Ndiyo maana nakata vyembamba. Nusu kilo inatoa vipande 18 hivi: watu sita, kila mmoja vitatu. Hesabu kabla ya kupakua, mbele ya wote. Siku ya kwanza mzee wangu alitazama sahani, akanyamaza. Halafu akachukua kipande kimoja chake akampa yule mdogo aliyeuliza.

Baba, heshima yako haipungui kwa vipande vitatu. Mtoto akikua na damu ya kutosha, heshima ni yako.

Karibuni mezani.