Kipimo Chetu Kisiseme Uwongo



Muhula huu tulipima maji ya chemchemi kwa pH-meta ya labo. Vikundi vyote viliandika 5,1. Ndugu mmoja wa mwaka wa ine alitumia karatasi ya pH tu, akaona karibu 7. Tulimucheka. Hata sisi makapita tulisema huyu hajui kusoma rangi.

Kisha mwalimu alitia elektrodi ndani ya tampo ya pH 7. Chombo kikaonyesha 5,4! Kumbe elektrodi ilibaki bila kifuniko, na kichwa chake cha kioo kikakauka. Kosa la 1,6 si kidogo. Kila hatua moja ya pH ni mara 10, basi tuliandika kwamba maji yana asidi karibu mara 40 kuliko kweli yake. Tulikuwa tayari kuogopesha watu wanaoteka pale.

Tuliiloweka usiku muzima ndani ya kloriri ya potasiamu, mol 3 kwa litre. Asubuhi tukaisuza na kuikausha polepole kwa karatasi laini, bila kusugua. Tukasahihisha chombo kwa tampo 7, kisha 4. Tampo moja haitoshi: ya kwanza inaonyesha mahali pa kuanzia, ya pili inaonyesha ukubwa wa hatua. Chemchemi ikatoa 6,7. Ndugu yetu alikuwa na haki, na tunamuomba musamaha.

Wengine wanasema elektrodi ilale tu ndani ya maji ya kutoneshwa. Hapana! Maji yale ni ya kusuza. Ikilala mule, yanaitoa chumvi zake.

Maoni yetu ni haya. Kila kikundi kisahihishe chombo mbele ya kupima, na kiandike katika daftari namba ya tampo iliyoonekana. Mwenye kusahau kifuniko aseme mara moja, asipewe azabu. Ni woga wa azabu uliofanya mutu anyamaze. Azabu iwe ya yule anayenakili namba ya jirani. Tuungame, wandugu: ile 5,1 ya vikundi vyote haikupimwa na vyote.

Kitabu cha Mithali kinakataa mizani ya uwongo. Elektrodi kavu ni ndugu yake, na daftari la kunakili vilevile.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita